Nywele Nyekundu za Ayalandi: Mpiga Picha Wetu wa Cork Ajibu Maswali Yenu

Katika toleo lililopita tulichapa picha za Waayalandi wenye nywele nyekundu. Aliyezipiga ni dada yetu, mzaliwa wa Tanga, ambaye ana studio ndogo mjini Cork, kusini mwa Ayalandi. Maswali yamemiminika. Tumechagua machache na tumemwachia ajibu mwenyewe.

Dada mpiga picha, hongera kwa kazi. Mimi ni msusi na nataka ukweli: yule binti aliyekaa dirishani, rangi ile ni yake au ya kopo? Nimechanganya rangi miaka mingi na sijawahi kuipata. (Msusi, Kinondoni)

Ni yake, na hutaipata kwenye kopo kwa sababu si rangi moja. Ukishika fungu la nywele zake kwenye mwanga utaona uzi mmoja wa shaba, wa pili wa njano iliyopauka, na wa tatu unakaribia hudhurungi. Rangi ya dukani inapaka nyuzi zote sawasawa, na hapo ndipo jicho la msusi kama wewe linapoikamata. Mtazame pia kope na nyusi. Aliyezaliwa nazo ana kope nyepesi, ukisimama mbali unadhani hana kabisa. Ndiyo maana wateja wangu wengi wa kike hawatoki nyumbani bila wanja. Mmoja aliniambia akiacha wanja siku moja tu, kazini wanamuuliza kama anaumwa.

Chanzo chake ni damu, si dawa. Mwili wa mtu hutengeneza melanini ya aina mbili, ya weusi na ya wekundu, na ipo jeni inayoitwa MC1R inayoamua ipi itolewe kwa wingi. Kwetu sisi inaamuru nyeusi. Kwa hawa jeni hiyo ina hitilafu ndogo, amri haifiki vizuri, basi ile nyekundu inatawala kuanzia kichwani hadi kwenye vidoadoa vya usoni. Wanasayansi walilionyesha jambo hili mwaka 1995, kwa hiyo elimu yenyewe si ya zamani.

Na usidhani rangi inadumu. Nywele hizi aghalabu hazipitii ile mvi ya kijivu tunayoijua. Zinapauka, zinageuka rangi ya mchanga, kisha zinakuwa nyeupe. Bibi mmoja wa upande wa Bantry alikuja studio na picha yake ya harusi, picha ya nyeusi na nyeupe, na humo anaonekana ana nywele nyeusi kama mtu mwingine yeyote. Hana hata picha moja ya rangi ya ujana wake. Alichonacho ni msuko aliokatwa akiwa msichana, ameufunga kwenye karatasi laini na kuuweka ndani ya kopo la biskuti. Alipoufungua mezani kwangu, rangi ilikuwa bado ile ile, shaba tupu, na utepe wa buluu umefungwa mwishoni. Nilimpiga picha ameushika mkononi. Wengi mmeandika kuuliza yule bibi kashika kamba gani. Basi ndiyo hiyo.

Kwani Waayalandi wote wako hivi? Na baba na mama wakiwa na nywele nyeusi, wanapataje mtoto mwekundu bila ugomvi ndani ya nyumba? (Baba wa wawili, Morogoro)

Hata kidogo. Hukadiriwa kuwa karibu mtu 1 kati ya 10. Ukisimama Patrick Street, mtaa mkuu wa Cork, wengi wanaopita wana nywele za hudhurungi. Ila ukilinganisha na dunia nzima, ambako ni 1 au 2 tu kati ya 100, kweli hapa wamejaa.

Ugomvi hakuna, kejeli zipo. Ili mtoto awe na nywele nyekundu anahitaji kurithi ile jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia. Mtu mwenye nakala moja anaweza kuwa na nywele nyeusi ti na asijue amebeba nini, na wabebaji wa namna hiyo ni wengi mno nchini humu. Wakikutana wawili, kila mtoto wanayemzaa ana bahati 1 kati ya 4. Kwa hiyo unaweza kukuta watoto watatu weusi wa nywele, wa nne kama moto, na babu hachoki kuuliza habari za muuza maziwa. Familia moja iliyokuja kupiga picha ya komunyo ya kwanza walirudia utani huo mbele yangu hadi mama mtu akawaambia wachague, picha au utani.

Anti, yule mwanamuziki Ed Sheeran naye ni wa huko? (Kidato cha tatu, Iringa)

Ni Mwingereza, kazaliwa Halifax. Babu na bibi upande wa baba yake ndio Waayalandi. Ukitaka wa hapa hapa, mtafute Paul O'Connell wa Limerick, nahodha wa zamani wa raga, aliyeichezea Ayalandi mechi 108. Au Maureen O'Hara, mwigizaji aliyezaliwa Dublin mwaka 1920. Sinema za rangi zilipoanza kushamiri, nywele zake zilimpa kazi, na yeye akalalamika maisha yake yote kwamba watu hawaoni kama anajua kuigiza.

Mdogo wangu ana ualbino. Alipoona picha zako akaniuliza, "Hawa ni wenzangu?" Nilikosa jibu. (Dada mtu, Mwanza)

Mwambie ni majirani, si ndugu. Ualbino unatoka kwenye jeni nyingine, na unapunguza melanini yote, hata ile ya machoni. Ndiyo maana mdogo wako huenda anapata shida ya kuona ubao, na macho hayatulii. Wenye nywele nyekundu melanini wanayo, ila ni ya aina isiyozuia jua vizuri. Macho yao hayana tatizo hilo.

Ujirani wenyewe uko kwenye ngozi, na hapo maisha yao yanafanana sana. Nilikwenda kumpiga picha mkulima wa ng'ombe wa maziwa karibu na Macroom. Mzee wa miaka sitini na kitu, ndevu zimebaki na wekundu kidogo kwenye kidevu. Kila nikimpanga alikuwa anageuza uso upande wa kulia. Mwishoni mkewe alikuja kutoka jikoni na gauni la kazi, akamshika kichwa na kukigeuza. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa kipande cha juu. Saratani ya ngozi ilitolewa hapo. Mkewe akasema kwa sauti ya kutosha mimi na ng'ombe kusikia, "Piga hiyo, labda wanawe watavaa kofia." Nikapiga. Na hii ni nchi ambayo jua lake sisi wa Tanga tunaliita mawingu! Lakini saratani ya ngozi ndiyo inayoongoza kwa idadi ya wagonjwa kati ya saratani zote Ayalandi, na wakulima, wavuvi na mafundi ujenzi wako mstari wa mbele kwa sababu kazi yao ni ya nje kutwa.

Kwa hiyo kofia pana, mikono mirefu na losheni ya jua ni mambo ambayo mdogo wako na yule mzee wangekaa wakayazungumza jioni nzima. Losheni ya watu wenye ualbino inatengenezwa KCMC Moshi, inaitwa Kilisun, na hugawiwa bure kupitia kliniki. Kama bado haipati, ulizia hospitali ya mkoa.

Jambo moja zaidi, maana limenichekesha na kunisikitisha. Mama yangu alipoziona picha hizi, alikazia macho mtoto mmoja wa miaka mitatu, mashavu yamejaa, akauliza, "Huyu wanamlisha?" Mama alifanya kazi kliniki ya watoto zamani. Kwake nywele za mtoto zikiwa nyekundu ni kwashakoo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nilimtumia video ya mtoto huyo anakula viazi ndipo akapumua.

Mimi ni mpiga picha wa harusi na pasipoti. Watalii wa namna hii wanapita hapa, na kila nikiwapiga nywele zinatoka kama doa la rangi ya machungwa na uso mwekundu kama kapigwa. Nifanyeje? (Fundi picha, Arusha)

Swali langu hili, kaa chini.

Kwanza, kamera ya kidijiti inashiba upande wa rangi nyekundu mapema kuliko rangi nyingine. Unatazama kioo unaona mwanga uko sawa, kumbe nyekundu imeshafurika, nyuzi zote zimegandamana na kuwa bonge moja. Punguza mwanga kidogo, nusu stopu inatosha, na ukiweza piga kwa faili ghafi ili uwe na pa kurudia. Ukifungua ile grafu ya mwanga, usiangalie ile nyeupe ya jumla. Angalia nyekundu peke yake.

Pili, usimweke kwenye nyasi. Najua ndicho kitu cha kwanza kinachokuja akilini, nyekundu juu ya kijani. Nyasi zinarudisha mwanga wa kijani chini ya kidevu, na ngozi nyeupe namna ile inaupokea wote. Utahariri usiku kucha. Mimi napenda ukuta wa kijivu au buluu iliyofifia, na mwanga wa dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Wewe huko Arusha una baraza. Kivuli cha baraza ni studio tosha.

Tatu, uso. Ngozi ile inasema kila kitu: baridi, aibu, ngazi alizopanda, chai ya moto. Mteja akiingia, namwacha akae kama robo saa, tunapiga soga, rangi inashuka. Ukianza kupiga akiwa ametoka juani, umempiga picha jua.

Nne, na hapa nakuwa mkali. Vidoadoa usivifute. Siku za komunyo, mwezi wa tano, huja mama mmoja au wawili kuniomba nimsafishe mtoto. Nikiondoa vidoadoa, kinachobaki si mtoto msafi, ni mtoto mwingine. Kuna binti alimsikia mama yake akiniomba hivyo, akaninong'oneza, "Usimfute yule wa mdomoni." Ana kimoja pale pembeni ya mdomo, anakipenda. Sikufuta hata kimoja, na mama alilipa vilevile. Ukipiga nyeusi na nyeupe unaweza kuvichezea kwa adabu: kichujio chekundu kinavififisha, cha buluu kinavikoleza. Mimi huvikoleza.

Na tafadhali, usiwaombe wabebe kitu cha "utamaduni". Mwingereza John Hinde alianzisha kampuni ya postikadi Dublin miaka ya 1950, na kadi yake maarufu kuliko zote ina watoto wawili wenye nywele nyekundu na punda aliyebeba vikapu vya mboji kavu, udongo unaochomwa kama kuni, huko Connemara. Rangi zilikolezwa viwandani hadi anga likawa buluu ya Karibi. Inasemekana alitembea na msumeno garini, akate matawi yenye maua na kuyapanga mbele ya picha pale panapokosa urembo. Kazi safi, siibezi. Ila tangu hapo kila mwenye nywele nyekundu anayeingia kwangu anauliza kwa wasiwasi kama nitamletea punda.

Ni kweli wana hasira za karibu? Nimesikia hivyo. (Msikilizaji wa mambo, Mombasa)

Si kweli. Mtu anayechokozwa tangu darasa la kwanza, anaitwa karoti, anaitwa kutu, siku akijibu wanasema, "Si tulisema?" Hiyo ndiyo hasira yenyewe.

Wazee wa hapa walikuwa na maneno makubwa zaidi. Kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi nchi nzima walitumwa kuwauliza wazee wao mila na visa, wakaandika kwenye madaftari, na madaftari yale yamehifadhiwa hadi leo. Humo imo imani kwamba mvuvi akikutana na mwanamke mwenye nywele nyekundu njiani, ni ndege mbaya. Arudi nyumbani, siku hiyo hakuna samaki. Wengine walisema hivyo hivyo kwa anayekwenda mnadani kuuza ng'ombe. Fikiria sasa wewe ndiye mwanamke huyo, kijiji kina njia moja tu ya kwenda pwani, na kila alfajiri wanaume wazima wanakukwepa. Mteja wangu mmoja wa Kinsale anasema bibi yake alikuwa anasubiri mashua zitoke ndipo afungue mlango. Anasimulia huku anacheka, lakini bibi mwenyewe sidhani alikuwa akicheka.

Baadaye wenye nywele nyekundu waligeuza kibao. Kuanzia mwaka 2010 walikuwa wakikutana kila Agosti kijiji cha Crosshaven, bandarini Cork, wanatawaza mfalme na malkia, wanashindanisha vidoadoa na nyusi, na fedha zinazopatikana zinakwenda kwenye mapambano dhidi ya saratani.

Nafundisha sanaa sekondari. Kabla ya kamera kama zako, kuna mchoro wa maana wa watu hawa ninaoweza kuwaonyesha wanafunzi? (Mwalimu, Unguja)

Upo, na aliyechorwa ananisumbua akilini kuliko wachoraji wake. Anaitwa Joanna Hiffernan, wa Limerick, alizaliwa karibu na mwaka 1839. Familia yake ilihamia London. Alikuwa mwenzi wa mchoraji Mmarekani James Whistler. Mwaka 1862 Whistler alimaliza picha kubwa ya Joanna amesimama, gauni jeupe, pazia jeupe nyuma, nywele nyekundu zimeachiwa mabegani. London wakaikataa, Paris wakaikataa pia, ikaonyeshwa 1863 kwenye yale maonyesho ya picha zilizokataliwa. Leo iko Washington. Mwaka 1865, huko Trouville pwani ya Ufaransa, Mfaransa Gustave Courbet alimchora akijitazama kwenye kioo cha mkononi huku anapitisha vidole kwenye nywele, na akaichora tena na tena. Nakala nne zipo, mojawapo New York, nyingine Stockholm.

Waonyeshe wanafunzi zote mbili, waulize nani kamtazama mtu na nani kazitazama nywele. Mimi jibu langu ni kwamba Courbet alizitazama nywele. Ni picha nzuri ajabu, kila uzi una uhai, lakini uso ungeweza kuwa wa yeyote. Whistler alimpa macho yaliyochoka kidogo ya mtu aliyesimama saa nyingi kwa ajili ya kazi, na kusimama kule ni kazi, muulize mteja wangu yeyote.

Kisha waambie yasiyochorwa. Whistler alipokwenda Chile mwaka 1866, alimwachia Joanna madaraka ya kisheria ya kusimamia mambo yake, pamoja na kuuza picha. Baadaye Whistler alizaa mtoto na mwanamke mwingine, na aliyemlea mtoto huyo ni Joanna na dada yake. Alifariki London mwaka 1886. Ilipofika 2022 ndipo yakafanyika maonyesho makubwa ya kumhusu yeye, London na Washington. Miaka yote hiyo alikuwa "yule mwenye nywele".

Mimi ni nesi. Nimesikia hawalali kwa dawa ya usingizi kama wengine. Uzushi? (Nesi, Moshi)

Uliposikia si vijiweni. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walilinganisha wanawake 10 wenye nywele nyekundu na 10 wenye nywele nyeusi, wakaona wale wa kwanza walihitaji asilimia 19 zaidi ya dawa moja ya kuvuta. Lakini ni watu 20 tu, na tafiti kubwa zaidi zilizofuata hazikuona tofauti ya maana. Wateja wangu wanaisimulia sana kwenye kiti cha daktari wa meno. Wakisema ganzi bado haijashika, msubiri. Hiyo ni busara kwa nywele za rangi yoyote.

Mwanangu yuko Galway, na Desemba anamleta mchumba mwenye nywele nyekundu kabisa. Harusi ni hapa hapa nyumbani. Wajukuu zangu watakuwaje, na huyu mkwe nimpokeeje? (Mama bwana harusi, Tanga)

Mama, hongera sana, na ndiyo barua iliyonifurahisha kuliko zote.

Wajukuu: watapata nakala moja ya ile jeni kwa mama yao, na kwa baba yao kuna uwezekano mdogo sana wa kupata ya pili. Kwa hiyo tegemea nywele nyeusi au hudhurungi zenye mawimbi, labda na vidoadoa puani. Vitukuu ndio watakaokushangaza, ikiwa mjukuu atakwenda kuoa huko huko.

Mkwe: akiwa mwekundu uso usidhani amekasirika wala amekunywa. Ni joto, au pilipili ya mbilimbi. Watoto wa jirani watataka kumshika nywele. Waambie waombe kwanza, maana huyu ameshikwa nywele na watu wasiomjua tangu utotoni na amechoka. Matembezi yawe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mkimpeleka kisiwani Toten kwa ngalawa, maji yanarudisha jua, kofia peke yake haitoshi. Apake losheni masikio, shingo na juu ya miguu, na arudie kila baada ya saa mbili. Mwambie mwanao anunue chupa kubwa hukohuko, vile vitubu vya uwanja wa ndege vinaisha siku ya pili.

Na shughuli ya hina. Mpakeni bila hofu, kwenye ngozi yake itakolea vizuri mno, mtapiga vigelegele wenyewe. Lakini iwe hina ya majani. Piko msimpake hata kwa mstari mmoja, kuna dawa ndani yake inayochoma ngozi na kuacha malengelenge. Mpambaji akikwambia piko yake ni nzuri haina shida, mlipe nauli arudi kwao, na utafute mwingine.